Misitu ya mvua inawakaje moto? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Amazon, Indonesia na Bonde la Kongo

Tangu Agosti 2019, moshi ulipolitia giza anga la São Paulo mchana kweupe, maswali haya hayajaacha kuulizwa, na moto wa 2024 umeyarudisha kwa wingi. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayohitaji maelezo zaidi. Jambo likiwa limeshajibiwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Msitu wa mvua unaunguaje na umeloa mwaka mzima?

Ukiwa mzima, hauungui. Katika msitu usioguswa wa Amazon, Kongo au Borneo, matawi ya juu yameshonana kiasi kwamba jua linalofika chini ni kidogo na upepo karibu haupo. Unyevu unabaki humo ndani kama mvuke chini ya mfuniko wa chungu. Majani yaliyodondoka yapo tele, lakini hata zikipita wiki kadhaa bila mvua, ukiyashika bado ni mabichi. Tupa njiti ya kiberiti inayowaka, itazimika hapo hapo.

Kuna na mizizi. Mashariki mwa Amazon watafiti wamekuta miti ikivuta maji kutoka kina kinachozidi mita 8, ndiyo maana inabaki ya kijani hata kiangazi kikiwa kirefu. Misitu ya namna hii iliweza kukaa mamia ya miaka bila kuonja moto mkubwa. Kwa hiyo ukisikia inawaka, uliza mambo matatu: nini kimeikausha, nani ameifungua, na moto wenyewe umetoka wapi. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye hayo matatu.

2. Si radi inayowasha?

Mara chache sana. Radi za ukanda wa tropiki huja pamoja na mvua yake, na cheche ikiwaka inazimwa na mvua hiyo hiyo. Misitu ya Kanada na Siberia ina habari tofauti, kwa sababu huko radi hupiga bila mvua juu ya miti mikavu na kuwasha moto mkubwa. Katika msitu wa mvua, moto karibu wote unaanzia mkononi mwa mtu.

3. Nani anawasha, na kwa nini?

Tuangalie Brazili, ambako jambo hili limechunguzwa sana. Kazi huanza mvua zikipungua, kati ya Mei na Julai. Miti inaangushwa kwa msumeno wa mnyororo, au kwa matrekta mawili yanayoburuta mnyororo mnene katikati yao na kung'oa kila kilichosimama. Kisha vinaachwa vilale juani wiki nyingi: magogo, matawi, majani. Ikifika Agosti au Septemba, siku ya jua kali na upepo, mtu anakuja na mafuta anawasha. Gogo nene haliishi kwa moto mmoja, kwa hiyo mwaka unaofuata linachomwa tena, na pengine tena. Majivu yanarutubisha udongo kwa muda mfupi, mbegu za nyasi zinamwagwa, ng'ombe wanaingizwa.

Nyuma ya ng'ombe kuna biashara ya ardhi. Eneo kubwa la Amazon ni msitu wa umma ambao serikali haijaupangia matumizi. Anayeuvamia, akaufyeka na kuweka mifugo, anajenga ushahidi wa kudai kwamba ardhi ni yake, na ardhi tupu inauzwa bei kubwa kuliko yenye msitu. Kwa mtu huyo moto ni kama hati ya shamba, na ng'ombe wachache waliomo ni mashahidi wake. Ndiyo maana moto unafuata barabara. Ukitazama picha za setilaiti kandokando ya barabara ya BR-163 jimboni Pará, utaona msitu umeliwa kutoka barabarani kwenda ndani.

Wapo pia wafugaji wanaochoma malisho ya zamani kila baada ya miaka michache ili kuua magugu na kupe, na wapo wakulima wadogo wa muhogo na mahindi. Kuhusu hao wa mwisho, tazama swali la 17.

4. Je, moto wote unaoripotiwa ni wa aina moja?

Hapana, na vurugu nyingi za habari zinaanzia hapa. Kuna moto wa kuteketeza msitu uliokwisha kuangushwa. Kuna moto wa malisho na mashamba, ambako msitu uliondoka zamani. Na kuna moto uliotoroka kutoka huko ukaingia katika msitu uliosimama. Kwenye ramani vyote vinaweza kuonekana kama nukta nyekundu, lakini sababu zake ni mbali mbali na dawa zake pia. Ukichanganya, utamlaumu asiyehusika.

## Ukame unatoka wapi

5. El Nino inahusikaje?

Kwetu Afrika Mashariki El Nino ya 1997 inakumbukwa kwa maji: madaraja yaliyosombwa, barabara zilizokatika, kipindupindu. Miezi hiyo hiyo Kalimantan (upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo) na kisiwa cha Sumatra zilikuwa zinawaka, na moshi ukafunika Singapore na Malaysia. Mapema 1998 ikawa zamu ya Roraima, kaskazini mwa Amazon ya Brazili. Mvua iliyotuzamisha sisi na ukame uliowaunguza wao ni pande mbili za tukio moja.

Inakwenda hivi. Kwa kawaida maji ya moto ya Bahari ya Pasifiki yanajazana upande wa magharibi, karibu na Indonesia, na mawingu yanajengeka juu yake. Mwaka wa El Nino maji hayo yanasogea mashariki na mawingu yanayafuata. Hewa iliyopanda huko inashuka ikiwa kavu juu ya Indonesia na sehemu kubwa ya Amazon, na kiangazi kinarefuka.

Bahari ya Hindi nayo ina mchezo wake. Miaka fulani upande wa kwetu unapata joto huku maji ya pwani ya Sumatra yakipoa. Mvua inahamia Afrika Mashariki na Indonesia inabaki mikono mitupu. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2019, tulipopata mafuriko na maporomoko ya ardhi wakati Indonesia ikipoteza takriban hekta milioni 1.6 kwa moto, bila El Nino kubwa yoyote Pasifiki. Anayefuatilia utabiri wa vuli hapa kwetu anaweza, kwa kiasi fulani, kubashiri moshi wa Kalimantan.

6. Mbona Amazon ilikauka vibaya 2005 na 2010, na wakati huo sababu kuu haikuwa El Nino?

Kwa sababu ya Atlantiki. Maji ya tropiki ya kaskazini mwa bahari hiyo yakipata joto kupita kiasi, ukanda wa mvua unavutwa kaskazini na Amazon ya kusini na magharibi inabaki kavu. Mwaka 2005 jimbo la Acre, linalopakana na Peru na Bolivia, liliungua kwa namna ambayo watu wa huko hawakuizoea. Mbaya zaidi ni joto la bahari hizo mbili, Pasifiki na Atlantiki, linapokutana katika msimu mmoja, kama katika swali la 8.

7. Mwaka 2019 haukuwa na ukame mkubwa Amazon. Kwa nini moto ulikuwa mwingi vile?

Hili ni swali zuri kuliko yote, kwa sababu jibu lake linamweka mtu katikati ya picha. Mvua ya 2019 haikuwa mbaya sana, ila ufyekaji ulikuwa umepanda. Taasisi ya utafiti wa anga ya Brazili, INPE, inayopima msitu kwa setilaiti kila mwaka tangu 1988, ilikuta kilomita za mraba zaidi ya 10,000 zimefyekwa katika mwaka wa kipimo ulioishia Julai 2019. Miti iliyoangushwa katikati ya mwaka ndiyo iliyochomwa Agosti. Mwezi huo INPE ilihesabu alama za moto zaidi ya 30,000 Amazon, karibu mara tatu ya Agosti 2018.

Na halikuwa jambo la siri. Gazeti la mji mdogo wa Novo Progresso, kando ya BR-163, liliandika mapema kwamba wenye mashamba wa eneo hilo wamepanga siku ya kuwasha moto kwa pamoja. Siku hiyo ilikuwa tarehe 10 Agosti, na alama za moto za wilaya hiyo zikaruka kweli. Siku chache kabla, mkurugenzi wa INPE, mwanafizikia Ricardo Galvão, alikuwa ameondolewa kazini baada ya kutetea takwimu za ufyekaji mbele ya Rais Jair Bolsonaro aliyezikataa. Watu wa msituni huwa wanasikiliza sauti za mji mkuu. Wakiamini hakuna atakayewafuata, wanawasha.

Kinyume chake pia kimeonekana. Mwaka 2004 Brazili ilipoteza karibu kilomita za mraba 27,800 za Amazon. Kwa ukaguzi, hifadhi mpya na masharti ya mikopo kwa wafugaji, idadi hiyo ilishuka hadi karibu 4,600 mwaka 2012. Hakuna bahari iliyobadilika kiasi hicho katika miaka minane. Kilichobadilika ni utawala.

8. Basi 2023 na 2024 ilikuwaje, wakati ufyekaji ulikuwa unashuka?

Hapo ukame ndio uliotawala. El Nino ilikutana na Atlantiki yenye joto lisilo la kawaida. Oktoba 2023 maji ya mto Rio Negro bandarini Manaus, mji mkubwa katikati ya Amazon, yalishuka chini kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze 1902, na mwaka uliofuata rekodi hiyo ikavunjwa tena. Katika ziwa Tefé maji yalipita nyuzi 39, na zaidi ya pomboo 150 wa mtoni wakafa. Vijiji vinavyotegemea mitumbwi vilikatwa na dunia kwa sababu mto wenyewe haukuwepo.

Katika hali hiyo moto wa malisho, ambao mwaka wa kawaida ungefia ukingoni mwa msitu, uliendelea mbele na kuingia. Serikali ya Brazili ilikuwa imepunguza ufyekaji kwa kiasi kikubwa, lakini alama za moto za 2024 Amazon zilizidi 140,000, nyingi kuliko mwaka wowote tangu 2007. Bolivia ilipoteza msitu wa asili upatao hekta milioni 1.5 kwa mwaka mmoja, na ikawa ya pili duniani baada ya Brazili. Kwa hesabu za Chuo Kikuu cha Maryland, tropiki zote zilipoteza hekta milioni 6.7 za msitu wa asili mwaka 2024, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zao moto ndio ulioongoza kwa sababu, ukichukua karibu nusu.

Linganisha 2019 na 2024 utaona kwamba kila mmoja ulikuwa na injini yake. Wa kwanza uliendeshwa na misumeno, wa pili na ukame uliokuta msitu umekwisha kukatwakatwa. Mwaka ambao injini zote mbili zitafanya kazi kwa nguvu zote pamoja ndio unaotutia hofu.

9. Mabadiliko ya tabianchi yana sehemu gani?

Kubwa, na imepimwa. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilichambua ukame wa Amazon wa 2023 na kukuta kwamba, ukihesabu mvua pamoja na joto linalonyonya maji ardhini, ongezeko la joto la dunia liliufanya uwezekano wake uwe takriban mara 30 zaidi. El Nino ilichangia, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Hewa yenye joto inanyonya unyevu kutoka kwenye majani na udongo hata pale mvua isipopungua sana, na usiku, ambao zamani umande ulikuwa ukituliza moto, sasa haupoi kama ulivyokuwa.

## Moto ukishaingia msituni

10. Moto ndani ya msitu wa mvua unafananaje?

Ondoa kichwani picha za California. Mara ya kwanza moto huu ni mstari mwembamba wa ndimi za moto unaotembea juu ya majani makavu, kimo chake hakifiki goti na mara nyingi ni cha kifundo cha mguu. Hausogei hata nusu mita kwa dakika. Unaweza kuuruka. Jioni unyevu ukipanda unakaribia kufa, unajificha ndani ya gogo lililooza, na kesho yake saa sita mchana unatoka tena. Unaweza kutembea hivyo kwa wiki. Ndege wa angani wanaona kijani tu.

Udhaifu uko kwenye gome. Miti ya mbuga zetu, miombo kwa mfano, imeishi na moto kwa maelfu ya miaka na ina gome nene. Mti wa msitu wa mvua haukuwahi kuhitaji hilo. Gome lake ni jembamba, na moto mdogo ukikaa dakika chache shinani unapika sehemu hai iliyo chini yake. Mti hauanguki siku hiyo. Unakufa miezi au miaka baadaye, moto ukiwa umeshasahaulika na kamera zimeondoka.

11. Kwa nini msitu ulioungua mara moja unaungua tena kirahisi?

Miti iliyokufa inadondosha majani na matawi, kuni mpya. Matundu yanafunguka juu, jua na upepo vinaingia, na ule mfuniko wa unyevu ulioelezwa katika swali la 1 unavunjika. Sasa siku chache bila mvua zinatosha. Moto wa pili unakuta kuni nyingi na kavu, ndimi zinapanda, na safari hii hata miti mikubwa iliyopona mwanzo inakufa.

Katika shamba la Tanguro, jimboni Mato Grosso, watafiti walichoma kwa makusudi vipande vya msitu kati ya 2004 na 2010, kingine kila mwaka, kingine kila baada ya miaka mitatu, na kingine wakakiacha bila moto ili walinganishe. Miaka yenye mvua ya kawaida madhara yalikuwa madogo kuliko walivyotarajia. Ukaja ukame wa 2007, na vifo vya miti vikaruka ghafla. Ukingoni nyasi za malisho zikaanza kuingia msituni. Nyasi ndizo adui mkubwa hapo, kwa maana zinakauka haraka na kuwaka kila mwaka.

12. Ukataji wa miti wa kuchagua una madhara pia?

Ndiyo. Magogo machache ya thamani yakitolewa, njia za kuyaburuta na matundu yaliyobaki juu yanakausha sakafu ya msitu. Vivyo hivyo kwa msitu uliobaki vipande vipande katikati ya malisho: ukingo wake ni mkavu kwa makumi ya mita kwenda ndani, na mara nyingine mamia. Msitu wa hekta elfu moja uliogawanywa vipande kumi una kingo nyingi mno, na moto huanzia ukingoni.

13. Ni kweli msitu unajitengenezea mvua?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwanasayansi wa Brazili Eneas Salati alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba unyevu unaotoka Atlantiki unanyesha, unavutwa na mizizi, unarudishwa hewani na majani, na kunyesha tena mara kadhaa ukielekea magharibi. Ukifyeka mashariki, unapunguza mvua ya magharibi na kusini. Wanasayansi Carlos Nobre na Thomas Lovejoy walionya kwamba ufyekaji ukifika asilimia 20 hadi 25 ya Amazon, sehemu kubwa za mashariki, kusini na katikati huenda zikageuka mbuga kavu. Hadi sasa imefyekwa karibu asilimia 17. Mwaka 2021 timu ya Luciana Gatti wa INPE ilionyesha kwamba kusini-mashariki mwa Amazon tayari kunatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko kunavyonyonya, na moto una mchango mkubwa katika hilo.

## Indonesia na udongo unaowaka

14. Kwa nini moto wa Indonesia hudumu miezi na hauzimiki?

Kwa sababu kinachowaka ni ardhi yenyewe. Mabonde ya Kalimantan na Sumatra yamejaa mboji: mabaki ya miti na majani yaliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza, mahali pengine kwa kina cha zaidi ya mita 10. Ikiwa imeloa, haiwaki. Ikikauka, ni kuni.

Moto wa mboji hauna ndimi. Unafuka chini kwa chini, unakula mizizi, na mti mzima unaanguka ukiwa bado na majani mabichi. Wazima moto hawaoni unakoelekea. Wanachomeka mabomba ardhini na kusukuma maji mpaka udongo uwe tope, kipande kwa kipande, wakijua kwamba hatua moja vibaya mguu unazama kwenye makaa. Kinachomaliza kazi kwa kweli ni mvua za mwisho wa mwaka.

15. Mboji hiyo ilikaukaje?

Ilichimbiwa mifereji. Mfano mbaya kuliko yote ni mradi wa mpunga wa Rais Suharto huko Kalimantan ya Kati, ulioanza katikati ya miaka ya 1990 kwenye takriban hekta milioni moja. Ilichimbwa mifereji ya zaidi ya kilomita 4,000, msitu ukakatwa, maji yakashuka. Mpunga haukustawi. Ulipokuja ukame wa 1997, eneo hilo likawa kitovu cha moto. Kipimo cha Susan Page na wenzake kilionyesha kwamba mboji iliungua kwa wastani wa nusu mita kwenda chini, na kwamba moto wa Indonesia mwaka huo ulitoa hewani kaboni sawa na asilimia 13 hadi 40 ya ile iliyotoka kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani kote kwa mwaka.

Baadaye yakaja mashamba ya michikichi na ya miti ya karatasi, yenye mifereji yake. Mwaka 2015 ziliungua hekta milioni 2.6, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Januari mwaka uliofuata serikali iliunda wakala wa kurudisha maji kwenye mboji, kwa kuziba mifereji. Ni kazi ya matope na ya polepole, lakini ndiyo inayogusa chanzo.

## Kongo na kwetu

16. Mwaka 2019 ramani zilionyesha moto mwingi Angola na Kongo kuliko Brazili. Mbona dunia ilinyamaza?

Ni kweli kwamba katika siku mbili za Agosti 2019 setilaiti zilihesabu alama zaidi ya 6,000 Angola na zaidi ya 3,000 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati Brazili ilikuwa na zaidi kidogo ya 2,000. Lakini soma tena swali la 4. Nyingi zilikuwa kwenye nyika na mashamba ya kusini mwa Kongo, huko Katanga na Kasai, ambako nyasi huchomwa kila kiangazi na kuota tena mvua zikianza. Nyika imezoea moto. Alama elfu tatu za nyasi hazina uzito wa alama elfu mbili zilizo juu ya magogo ya msitu wa asili.

17. Wakulima wa kufyeka na kuchoma ndio wenye makosa?

Katika Bonde la Kongo, zaidi ya asilimia 80 ya msitu unaopotea unatokana na mashamba madogo ya mkono, kwa hiyo huwezi kuwaondoa kwenye hesabu. Ila tuwe waadilifu. Familia inafyeka kipande kidogo, inachoma, inalima muhogo na mahindi misimu miwili au mitatu, kisha inakiacha kipumzike. Zamani kilipumzika miaka mingi, na msitu unyevu uliokizunguka ulikuwa ukuta tosha wa kuzuia moto. Leo watu wameongezeka, vita vya mashariki vimewasukuma wengi msituni, miji kama Kisangani na Goma inapikia mkaa, na kipumziko kimefupishwa. Ukiongeza ukame, ule ukuta wa unyevu haupo tena.

Kumkataza mtu huyu kuchoma bila kumpa njia nyingine ni kumkataza kula. Sheria ya mazingira ya Indonesia ya 2009 ililitambua hilo, ikaruhusu familia kuchoma hadi hekta 2 kwa desturi zao. Kinachosaidia kijijini kinafahamika: kusafisha njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba, kuwaita majirani, kungoja upepo utulie na kuchoma jioni, na mwaka wa ukame kusogeza siku hadi mvua za kwanza.

18. Msitu wa Kongo uko salama kuliko Amazon?

Ulikuwa. Mwaka 2024 nchi zote mbili za Kongo zilipoteza msitu wa asili mwingi kuliko mwaka wowote katika kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Maryland zinazoanzia 2002, na Kongo-Brazzaville karibu nusu ya upotevu huo ulisababishwa na moto. Msitu ambao tulizoea kusema hauungui umeanza kuungua.

Hofu kubwa iko kwenye mabwawa ya katikati, kati ya mito Kongo na Ubangi. Mwaka 2017 Greta Dargie, Simon Lewis, Suspense Ifo na wenzao walitangaza kwamba chini ya mabwawa hayo kuna mboji inayoshika kaboni tani bilioni 30 hivi, na vipimo vya baadaye vimelikuza eneo lake hadi karibu kilomita za mraba 168,000. Hakujachimbwa mifereji kama ya Kalimantan. Lakini uchambuzi wa mboji yenyewe umeonyesha kwamba kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita hali ya hewa ilikauka na mboji nyingi ikaoza, hata bila mtu kuigusa. Kwa hiyo kila barabara, kisima cha mafuta au mfereji unaopangwa huko unastahili kuulizwa maswali magumu kabla ya trekta la kwanza kufika.

19. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ni jambo hilo hilo?

Hapana. Ule uliwaka hasa juu ya msitu wa mvua, kwenye vichaka vya mlimani vinavyowaka kirahisi. Undugu upo hata hivyo: mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba ukavu na moto vimeshusha mpaka wa juu wa msitu. Msitu huo ndio unaokamata ukungu na kulisha mito ya chini.

## Maswali ya pembeni

20. Ni kweli Amazon inatoa asilimia 20 ya oksijeni yetu?

Si kweli. Karibu oksijeni yote inayotengenezwa na msitu inatumiwa na msitu huo huo, kwa kupumua na kuoza. Sababu za kuulinda ni mvua, kaboni, viumbe na watu wanaoishi humo, na zinatosha.

21. Ndege za kumwaga maji haziwezi kumaliza tatizo?

Mara chache. Matawi ya juu yanazuia maji, na moto uko sakafuni. Kinachofanya kazi ni watu wenye reki na mapanga wanaosafisha mstari mbele ya moto mapema. Brazili, kupitia kikosi cha Prevfogo cha idara ya mazingira Ibama, inaajiri wazima moto kutoka jamii za wenyeji, wanaozijua njia na upepo wa maeneo yao. Maeneo ya wenyeji hao, kwa ujumla, yanaungua kidogo kuliko yanayoyazunguka.

22. Msitu ulioungua unarudi?

Ukiachwa, kijani kinarudi ndani ya miaka michache na kinaweza kumdanganya mtazamaji. Uzito haurudi hivyo. Miongo mitatu baada ya moto, misitu iliyopimwa Amazon bado ilikuwa na karibu robo pungufu ya kaboni ikilinganishwa na isiyoungua, kwa sababu miti mikubwa yenye mbao nzito inachukua karne kukua. Ukiungua tena katikati, hesabu inaanza upya.

23. Ninawezaje kufuatilia mwenyewe?

Ramani ya FIRMS ya NASA ni ya bure na inaonyesha alama za moto saa chache baada ya setilaiti kupita. Soma kwa tahadhari. Nukta moja ni joto lililoonekana wakati setilaiti ilipopita, haikuambii ukubwa wa eneo lililoungua. Moto wa sakafuni wa swali la 10 mara nyingi haionyeshi kabisa, kwa kuwa matawi yanaufunika, na siku za mawingu au moshi mzito nyingi zinapotea. Ifungue pamoja na ramani ya Global Forest Watch uone kama nukta iko kwenye msitu, malisho au nyika, na linganisha mwezi na mwezi huo huo wa miaka iliyopita. Agosti daima itakuwa na nukta nyingi kuliko Aprili kusini mwa Amazon, na Januari haikuambii lolote kuhusu Septemba.